Jumamosi za Wessel

Aleida hakuwahi kumwonea wivu mwanamke yeyote kwa ajili ya Teunis. Nani angemtaka? Mumewe alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mabega mapana na harufu ya maziwa hata Jumapili, na mdomo wake ulifunguka kwa mambo matatu tu: kula, kusali na kuita ng'ombe. Basi wivu ulipomfikia uzeeni haukuja na sketi wala rangi ya mdomo. Ulikuja na buti za mpira na kofia ya sufu, na jina lake lilikuwa Wessel.

"Unavaa shati safi?" Aleida aliuliza asubuhi ile ya Jumamosi, huku akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Lile lingine lina doa."

"Doa lile lilikuwepo jana, na ukaenda nalo mjini. Leo limekuwa kosa?"

Teunis alisimama mbele ya dirisha la jikoni akihangaika na vifungo, kimoja baada ya kingine, polepole kama bwana harusi. Aleida alimtazama mgongo na moyo ukamchoma. Mimi, aliwaza, nilivalishwa pete na mtu aliyekuwa na matope magotini.

"Mnaongea nini huko muda wote ule?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Ya kawaida tu."

"Ya kawaida mbona hapa huyaongei? Au hapa hakuna hewa?"

"Hapa kuna kazi," Teunis alisema, akachukua kofia yake akatoka. Mlango aliufunga taratibu. Hilo nalo lilimwudhi Aleida, kwa sababu mlango ukibamizwa angalau mtu anapata la kusema.

Haya yote yalianzishwa na mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana, ndevu chache na mipango mingi. Mwishoni mwa mwaka alipanda mimbarini akasema kwamba wanaume wa kijiji hiki wamekaa benchi moja miaka na miaka, wakipeana peremende wakati wa mahubiri, na hakuna anayejua mwenzake anaumwa nini rohoni. Urafiki wa Kikristo, alisema, hauoti wenyewe kama magugu. Hupandwa, hupaliliwa, hupewa siku yake. Akawapanga wanaume wawili wawili. Kila jozi itembee pamoja mara moja kwa wiki, mmoja aulize, mwingine ajibu, kisha waombe, na yaliyosemwa yaishie hukohuko. Wanaume walitazama viatu vyao. Wake zao walicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, na aliyecheka zaidi ni Aleida. "Teunis aongee?" aliwaambia wenzake. "Afadhali wamchukue fahali wetu, huyo angalau hujibu."

Teunis akapangwa na Wessel wa shamba la jirani, aliyeuza ng'ombe wake wote mwaka juzi na tangu hapo anazunguka uani kwake kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Jumamosi ya kwanza walikwenda kwa aibu. Ya pili walichelewa kurudi. Sasa ilikuwa Februari, na kicheko cha Aleida kilikuwa kimemkauka siku nyingi.

Kutoka chumba cha juu, kile cha binti yao Mirthe aliyehamia mjini, tuta la mto lilionekana lote. Aleida alipanda na shuka mkononi ili kama Mungu atamwuliza, amwambie alikuwa anakunja shuka. Aliwaona wakitembea juu ya tuta, upepo ukiwapiga makoti. Teunis alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea kweli, kichwa kimeinama, mikono ikipanda na kushuka. Aleida aliishi na mikono ile tangu ujanani na hakuwahi kuiona ikisema neno. Halafu Wessel akasema kitu, na Teunis akacheka, akarudisha kichwa nyuma akacheka.

Mbele kidogo, penye lango la kondoo, wote wawili walisimama. Wessel alimshika Teunis bega, wakainamisha vichwa, wakakaa hivyo kitambo. Walipoinuka, Teunis alitoa leso akajifuta macho.

"Leso nipige pasi mimi," Aleida alisema peke yake chumbani, "machozi apelekewe Wessel."

Aliporudi, Teunis alikaa mezani akisubiri kahawa yake ya saa nne.

"Upepo mkali leo," alisema.

"Macho yako mekundu."

"Ni upepo."

Aleida akamwekea kahawa. Kwetu kahawa huja na biskuti moja, kisha kopo hufungwa. Siku hiyo kopo halikufunguliwa kabisa. Teunis alilitazama kopo, akamtazama mkewe, akainua kikombe kwa mikono miwili. Na hilo, Aleida aliwaza, ni adabu mpya aliyofundishwa na mke mwenzangu.

*

Jumanne wanawake walikutana nyumbani kwa Neeltje, mke wa Wessel, kwa maombi. Walikuwa saba, viti vimepangwa duara sebuleni, birika la kahawa likiwa tayari chini ya kifuniko chake cha sufu. Aleida alikaa kando ya Neeltje, si kwa mapenzi, ila kwa kuwa kiti kilichobaki ni hicho. Wiki iliyotangulia hakuja, maana ng'ombe alikuwa anazaa.

Utaratibu wetu ni kwamba maombi huzunguka. Huyu akimaliza, wa kushoto kwake anaanza, wala hairuhusiwi kuruka mtu. Wakaombea wagonjwa. Wakaombea wajane. Wakaombea paa la kanisa, ambalo limeombewa kuliko mtu yeyote kijijini. Ikafika zamu ya Neeltje. Neeltje ana sauti nzuri ya kuomba, laini, na akishafumba macho husahau kwamba kuna watu.

"Baba," alisema, "tunamleta kwako dada yetu Aleida, katika siku hizi ngumu za kuagana na ng'ombe wake."

Aleida alifumbua macho.

"Umtie nguvu, Baba, mnunuzi atakapokuja. Umkumbuke na mumewe Teunis, na mikono yake ile ambayo daktari amesema haitarudi kuwa kama zamani. Umfariji anapolia. Uwape wote wawili amani katika uamuzi huu waliofikia. Amina."

"Amina," wanawake wakaitikia.

Aleida alitazama duara lile. Macho ya wenzake wote sita yalikuwa yamefumbwa, isipokuwa ya bibi Gijsje, aliyekuwa anachungulia. Mnunuzi. Daktari. Uamuzi waliofikia. Alitaka kusimama apige kelele, lakini nani amekatiza maombi katika kijiji hiki? Hata nyumba ikiungua husubiri amina. Tena kimya kilikuwa kimetanda, na kimya kile kilikuwa chake. Ilikuwa zamu yake kuomba.

Akafumba macho tena.

"Bwana," alisema, "wewe unajua yote. Na leo naona si wewe peke yako. Amina."

Amina ya safari hii ilitoka kwa kukwaruza. Neeltje alikuwa amefumbua macho, na shingo yake ilikuwa imepanda wekundu hadi masikioni.

"Aleida," alinong'ona, "mwenzangu... nilidhani unajua."

"Kwa nini ulidhani?"

"Si ni ng'ombe wako."

"Ndiyo," Aleida alisema. "Hata mimi nilidhani ni ng'ombe wangu."

Mtu akaanza kumimina kahawa haraka. Vijiko vikagonga vikombe. Aleida akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia bei ya mayai, "Wengine mlikuwa mnajua?" Bibi Gijsje ndiye aliyemhurumia, au labda alishindwa kujizuia.

"Tuliombea wiki iliyopita, mwanangu, ulipokuwa hupo. Tuliombea sana."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kijiji kizima kilidhani Aleida ndiye kata ya mtungi ule. Kumbe kata ilikuwa nyumba ya jirani. Jambo la nyumba yake lilikuwa limeombewa, likatoka hapo na baiskeli, likapita dukani, likapita kwa mwuza jibini, likafika kila mahali isipokuwa jikoni kwake. Alikunywa kahawa yake hadi tone la mwisho, akala na biskuti, kwa sababu angeiacha wangeiombea na hiyo. Kisha akashukuru, akavaa koti, akasukuma baiskeli kwa miguu njia nzima.

*

Jioni, wakati wa kukamua, alimkuta Teunis bandani katikati ya ng'ombe, mashine zikivuma. Kwa miaka yote wamekamua hivyo, yeye safu ya kushoto, mumewe safu ya kulia.

"Unauza ng'ombe wangu," Aleida alisema.

Vikombe vya mashine vilimponyoka Teunis mkononi, vikaanguka sakafuni vikinyonya hewa kwa kelele. Akainama kuviokota. Vikamponyoka tena.

"Nani kakwambia?"

"Mungu. Neeltje alikuwa anaongea naye, mimi nikasikiliza."

Teunis alizima mashine. Banda likawa kimya, kukabaki pumzi za ng'ombe tu.

"Sijauza. Nimemwambia mnunuzi aje atazame."

"Lini?"

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Na mimi nimkaribishe kahawa nikidhani ni nani? Mwuza mbolea?"

"Nilikuwa nitakwambia."

"Ulikuwa utaniambia tangu lini?"

Teunis alivua glavu akanyoosha mikono yake chini ya taa. Ilikuwa mikono ileile, minene, yenye mikwaruzo. "Sihisi vidole," alisema. "Tangu tulipovuna nyasi. Kwanza viwili, sasa karibu vyote. Mishipa ya shingoni, daktari amesema. Wanaweza kunipasua isizidi, lakini iliyokwenda imekwenda."

Hapo ndipo Aleida alipoelewa habari ya vifungo na ya kikombe. Alipaswa kusikitika, na alisikitika, lakini wivu ulikimbia ukatangulia mbele ya huruma.

"Daktari ulikwenda lini?"

"Ile siku."

"Ipi?"

"Niliyosema nakwenda kununua chakula cha ndama."

"Ulirudi na chakula cha ndama!"

"Tulinunua tukirudi."

"Tulinunua. Wewe na nani?" Alijua, lakini alitaka kulisikia. Teunis alitazama chini. "Wessel ndiye aliyekupeleka. Haya. Daktari alipokuwa anakueleza, Wessel alikuwa wapi? Nje, kwenye gari?"

"Alikuwa kwenye kiti. Kando yangu."

"Kiti changu," Aleida alisema. "Alikaa kwenye kiti changu, Teunis."

Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Aliniuliza," Teunis alisema.

"Na mimi sikuulizi? Kutwa kucha nakuuliza! Mdomo umenichakaa kwa kukuuliza!"

"Unauliza, Aleida. Halafu unajibu mwenyewe."

Kama angempiga kofi lisingeuma hivyo. Aleida alitupa taulo la kufutia viwele ndani ya ndoo, maji yakamrukia Teunis suruali, akatoka.

Chakula cha jioni kilikuwa supu ya njegere. Walikula bila neno. Teunis akafungua Biblia akasoma sura ya siku hiyo, iliyokuwa ya majina matupu ya ukoo baada ya ukoo, akayasoma yote kwa uaminifu hadi la mwisho. Kisha akafumba macho akashukuru kwa chakula, akaomba ulinzi wa usiku, akamaliza. Katika nyumba ile yeye humaliza na Aleida huitikia, na hakuna anayeinuka mezani kabla ya kuitikiwa. Akangoja. Supu iliyobaki kwenye sufuria ikaanza kuganda. Akangoja.

"Aleida," alisema taratibu.

"Mwite Wessel aje akuitikie."

*

Jumamosi Wessel alikuwa amesimama juu ya tuta, mgongo kwa upepo, akitazama njia. Aliyemwona akija hakuwa Teunis. Alikuwa Aleida, skafu imefungwa chini ya kidevu, mwendo wa mtu anayekwenda kudai nguo zake kwa fundi.

"Shemeji! Teunis anaumwa?"

"Mzima. Leo zamu yangu. Twende."

"Lakini shemeji, mazungumzo yetu ni ya siri. Tuliahidiana mbele za Mungu."

"Siri? Mkeo aliyasema yote sebuleni kwako mbele ya wanawake watano, mimi wa sita. Siri gani tena, labda ya paa la kanisa?"

Wessel alivua kofia akaivaa tena. Ni mtu mrefu, mwembamba, na akiona haya huwa haelewi mikono aiweke wapi. "Nilimwambia ili aombe tu."

"Basi aliomba."

Wakatembea. Upande mmoja mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Upande mwingine, chini, paa la nyumba ya Aleida lilionekana na dirisha la juu. Aliliona akageuza uso.

"Anasema nini kuhusu mimi?"

"Siwezi kusema."

"Umeshaanza na mkeo, malizia na mimi."

"Siwezi, shemeji. Ila naweza kukwambia ninachosema mimi." Wessel alipunguza mwendo. "Kila wiki namwuliza swali moja: umeshamwambia Aleida? Kila wiki ananijibu bado. Jumamosi iliyopita alilia kwa ajili hiyo. Si kwa ajili ya ng'ombe."

Pengine alitegemea Aleida alainike. Hakumjua Aleida.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili mliojua kwamba mimi sijui."

"Ndiyo."

"Ukamshika bega, ukamwombea, ukaenda nyumbani kunywa kahawa."

"Ndiyo."

"Urafiki wa Kikristo huo!"

Wessel alimtangulia hadi lango la kondoo. Alilifungua, akampisha, akalifunga nyuma yao. "Nilikosea," alisema. "Siku ile ya kwanza aliponiambia, ningemgeuza palepale arudi kwako. Nilitaka kumgeuza. Lakini shemeji, tangu nilipouza ng'ombe hakuna mtu aliyekuja kunitafuta kwa jambo lolote. Halafu mtu anakuja na siri yake anaiweka mkononi mwako. Nilifurahi. Nikaona nikimrudisha kwako upesi, Jumamosi zangu zitakwisha."

"Una mke."

"Ninaye. Redio yetu inaongea kuliko sisi. Nikirudi kutoka hapa, Neeltje ananiuliza: Teunis kasema nini? Mimi nimesema nini, haulizi." Alicheka kidogo bila furaha. "Nami simwulizi lake. Labda ndiyo maana anayapeleka ya Teunis kwenye maombi. Anataka naye awemo."

Aleida alikuja pale kugombana, na alikuwa amejiandaa vizuri, maneno ameyapanga tangu Jumanne. Sasa alimwona mbele yake mtu mwenye njaa aliyekuwa amekula kwenye sahani ya mwingine. Hakumsamehe, si siku hiyo. Wivu ulikuwa bado umekaa kifuani, ila ulikuwa umejisogeza kidogo, swali likapata pa kupita.

"Unamfanyaje aongee?"

"Namwuliza, kisha natembea hadi lango linalofuata bila kusema neno. Mchungaji ndiye aliyetufundisha."

"Asipojibu?"

"Hadi lango jingine."

"Bila hata kumsaidia neno moja?"

"Hata moja. Mara ya kwanza nilidhani nitapasuka."

*

Wazo hilo lilimkosesha Aleida usingizi. Jumapili alilibeba kanisani, Jumatatu bandani. Jumatano, baada ya kahawa ya mchana, aliweka buti za Teunis mlangoni.

"Vaa."

"Kuna nini? Ndama katoka?"

"Hakuna kilichotoka. Tunatembea."

"Tunakwenda wapi?"

"Popote, lakini si kwenye tuta lenu."

Walipita nyuma ya banda, kwenye njia ya udongo kando ya mfereji, kati ya malisho yao wenyewe. Ilikuwa ajabu kutembea pale bila ndoo wala fimbo. Aleida hakujua aende mbele, nyuma au kando. Alienda kando. Jirani mmoja akapita mbali na trekta, akapunguza mwendo, akawatazama kana kwamba wamefiwa.

"Teunis," Aleida alisema, "unaogopa nini?"

Akafunga mdomo.

Lango la kwanza halikuwa mbali, lakini kwa mwanamke yule lilikuwa kama safari ya kwenda mjini kwa miguu. Majibu alikuwa nayo manne. Anaogopa kupasuliwa. Anaogopa watu watasema kashindwa. Anaogopa kukaa bure. Anaogopa Mirthe hatakuja tena kama hakuna ndama wa kuwaonyesha watoto. Yote yalimpanda kooni, akayarudisha moja moja. Teunis alifika langoni, vidole vikateleza kwenye komeo, akalisukuma kwa kiwiko. Siku nyingine Aleida angelifungua yeye na kumwambia sogea. Alisubiri. Komeo likaachia. Teunis hakusema kitu.

Lango la pili. Bata walikuwa wanapigana mferejini. Hakusema kitu. Kwa Wessel angeshasema, Aleida aliwaza, na wivu ukapanda mwili mzima, ukamfikia masikioni. Kwa Wessel mikono inacheza ngoma, kwangu imezama mifukoni. Basi, mimi ni mke wa supu na pasi. Alijikaza. Machozi ya hasira yalimtoka, akayaacha yatiririke, kwa kuwa kuyafuta kungekuwa ni kusema.

Walikuwa wamelipita lango la tatu Teunis aliposimama.

"Saa kumi na moja alfajiri," alisema.

Aleida aliuma ulimi.

"Ile saa ya kukamua. Wewe kushoto, mimi kulia. Hatusemi kitu, lakini upo. Nakusikia ukimgombeza yule ng'ombe mweupe." Alipumua. "Ng'ombe wakienda, hakuna sababu uamke na mimi. Utalala hadi saa mbili, na una haki. Utakwenda kwa Mirthe, utakaa wiki, na una haki. Nimewaza sana. Najiuliza kama ulikaa na mimi, au tulikaa na ng'ombe. Sasa nitakuwa mtu asiyeweza kufunga vifungo vyake. Sijui utanitakia nini."

Mjinga wewe, Aleida alitaka kusema. Mjinga, kichwa kama kigogo. Neno lilifika hadi kwenye meno. Badala yake alilia waziwazi, kwa sauti, katikati ya malisho, na Teunis akasimama asijue la kufanya, akimtazama tu.

Kilio kilipopungua, alitoa mkono wa mumewe mfukoni akaushika.

"Unahisi?"

"Hapana," Teunis alisema. "Lakini naona."

Kisha Aleida akauliza lile ambalo mtu mwema zaidi asingeuliza.

"Wessel analijua hili?"

"Hapana."

"Hakukuuliza?"

"Aliuliza. Mara nyingi tu." Teunis alitikisa kichwa. "Hili sikumwambia."

Furaha iliyomwingia Aleida haikuwa ya kitakatifu. Mchungaji angeiona angeihubiria Jumapili mbili. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeonjeshwa peke yake chungu kizima, naye aliionja yote bila kutubu. Mkono wa Teunis aliuacha ndani ya wake.

"Mnunuzi mpigie simu," alisema. "Kesho asije. Aje wiki ijayo, baada ya kuonana na daktari, na kwa daktari nakwenda mimi. Tukiuza, bei nitaisema mimi. Wewe utamwonea haya. Yule mweupe haendi, atabaki, nitamkamua kwa mkono, na wewe utakaa kwenye kigoda uniangalie. Saa kumi na moja."

"Ng'ombe mmoja hahitaji saa kumi na moja."

"Nimesema saa kumi na moja."

Teunis alitikisa kichwa kukubali. Wakageuka kurudi, jua likiwa limeinama, na ng'ombe wote wamejipanga langoni wakidai kukamuliwa. Karibu na banda akauliza, kwa woga kidogo, "Na Jumamosi?"

Aleida alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu, na hazikuwa rahisi.

"Nenda kwa Wessel. Naye anahitaji mtu."

"Kweli?"

"Nimesema nenda. Jumatano ni yangu."

"Akiniuliza tumezungumza nini?"

"Mwambie naye ana mke," Aleida alisema. "Akamwulize wake."